Nionyeshe Saini, Usinionyeshe Picha

(Maneno haya niliyasema mbele ya wafanyabiashara na vijana katika ukumbi mmoja wa Mwanga, Kigoma mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimeondoa yaliyojirudia, nikaongeza tarehe ambazo siku ile nilizipitia mbio.)

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mgeni rasmi, wazee wangu wa meza kuu, mama zangu wa Kibirizi ambao najua mmeacha dagaa kwenye chanja ili mje kunisikiliza, kaka na dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: nawashukuru. Sikuja kumshauri mtu yeyote anunue sarafu mtandao, wala sikuja kumkataza. Nimekuja kwa sababu watu wetu wanaumia, na nikinyamaza nitajiona nimewasaliti.

Nitaanza na mpwa wangu. Ameniruhusu nilisimulie jambo lake, ila ameomba nisimtaje jina. Anauza saruji na unga wa ngano kwa wateja wa ng'ambo, Kongo. Mwaka juzi alipigiwa simu na mnunuzi aliyejitambulisha kwamba yuko Kalemie. Wakapatana bei. Mnunuzi akasema hana dola za karatasi, ana USDT, zile dola za mtandaoni zinazotolewa na kampuni ya Tether. Ili kumtoa wasiwasi akamtumia skrinishoti kwa WhatsApp. Picha inaonyesha salio la dola elfu sita na ushee, na chini yake anwani ndefu inayoanza na herufi T, ambayo ni kama namba ya akaunti.

Mpwa wangu si mzembe. Aliichukua ile anwani, akaenda kuitazama kwenye daftari la wazi la mtandao wa sarafu hizo, akaikuta. Salio nalo lipo, halikupungua hata senti. Akaridhika. Mzigo ukapakiwa usiku, boti ikang'oa nanga, na mapatano yalikuwa malipo yafuate mzigo ukifika. Mzigo ulifika. Malipo hayakufika, na simu ya mnunuzi haikupatikana tena.

Zile dola zilikuwa za kweli, ila hazikuwa zake. Yule mtu aliokota anwani ya tajiri fulani kwenye daftari la wazi, akatengeneza picha inayofanana nayo, akaituma. Nilikaa na mpwa wangu jikoni kwake mpaka usiku wa manane. Kilichoniuma ni kwamba kabla boti haijaondoka lilikuwapo ombi moja tu la kumwambia mnunuzi, ombi la dakika mbili, lisilogharimu hata shilingi: "Nitilie saini sentensi hii kwa anwani hiyo uliyonionyesha."

Ombi hilo ndilo lililonileta.

Wengi mnanijua tangu enzi zangu za uwakala pale sokoni. Miaka saba nilikaa kwenye kibanda kile. Mnakumbuka mteja akitaka kutuma pesa, jina la mpokeaji linatokea kabla hajathibitisha. Mara ngapi nimemsikia mama akisema, "Ngoja, ngoja, si huyu!" Jina lile limeokoa mamilioni ya watu wetu. Na jina lipo kwa sababu nyuma ya laini kuna kampuni, nyuma ya kampuni kuna usajili wa alama za vidole, na pesa zenyewe zimewekwa benki kwenye akaunti maalumu ya udhamini. Ukipoteza simu unarudisha laini, unakuta salio lako.

Kwenye Bitcoin, ile sarafu mtandao ya kwanza, hakuna jina. Daftari lake lilianza tarehe 3 Januari 2009, na tangu siku hiyo kila muamala uko hadharani. Ukiwa Ujiji utauona, na aliyeko Tokyo atauona. Lakini utakachoona ni anwani na kiasi. Haiandikwi "mali ya fulani bin fulani". Sasa kama kila mtu anaona sanduku na hakuna jina juu yake, mwenyewe atajulikanaje?

Kwa ufunguo. Naomba hapa mnivumilie, maana hapa ndipo penye kiini.

Programu ya pochi, yaani ya kutunzia sarafu hizi, inapofunguliwa mara ya kwanza huchagua namba kubwa kupindukia, namba inayoweza kufika tarakimu 78. Hiyo ndiyo ufunguo wa siri. Kutoka kwenye namba hiyo, kwa hesabu, unapatikana ufunguo wa wazi, na kutoka kwenye ufunguo wa wazi inapatikana anwani. Njia hiyo ni ya kwenda tu. Sisi watu wa Kigoma tunaijua njia ya namna hiyo kwa mikono yetu: chikichi ukishazichemsha, ukazitwanga, ukazikamua, unapata mawese, na hajazaliwa fundi wa kuchukua debe la mawese akalirudisha kuwa chikichi. Anwani ni mawese. Mpe yeyote aione, hawezi kurudi nyuma akaupata ufunguo.

Na ufunguo huo una kazi mbili. Kazi ya kwanza mnaijua, kuhamisha sarafu. Kazi ya pili watu wengi hawajaisikia: kutia saini maneno. Unaandika sentensi yoyote, pochi inaichakata pamoja na ile namba yako ya siri, unatoka mfululizo wa herufi. Mtu mwingine akiwa na vitu vitatu, yaani sentensi, anwani na ule mfululizo wa herufi, kompyuta yake inaweza kumjibu: ndiyo, aliyetia saini maneno haya anao ufunguo wa anwani hii. Sarafu haisogei. Hakuna makato. Hata intaneti haihitajiki wakati wa kutia saini.

Warina asali wa kule Tabora, na wa kwetu Kibondo, huweka alama kwenye mizinga yao ili msituni ijulikane huu ni wa nani. Lakini alama ya kisu inaigika; mwizi mwenye kisu kizuri ataichonga. Saini ninayoisema inatambuliwa na wote, ila mwenye kuitoa ni mmoja, na kila sentensi ina saini yake. Saini ya sentensi ya jana haifai kwa sentensi ya leo.

Tuijaribu hapa hapa. Mzee wangu mwenye kofia ya kijani, nipe maneno yoyote yanayokujia.

(Mzee alisema: "Leo ziwa limetulia." Niliyaandika kwenye kompyuta yangu, nikaongeza jina la ukumbi na tarehe, nikatia saini kwa kutumia Electrum, ambayo ni pochi ya Bitcoin yenye sehemu ya kazi hiyo. Ilitoka mistari miwili ya herufi na tarakimu, jumla 88. Nilimpa mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekuwa na kompyuta nyingine. Akanakili, akabonyeza, akasoma kwa sauti: saini ni halali. Ukumbi ukapiga makofi. Nikamwomba abadilishe neno moja, "limetulia" liwe "limechafuka". Akabonyeza tena. Ikakataa.)

Mmeona. Sasa fikirieni mpwa wangu angemwambia yule mnunuzi: andika "Mimi mnunuzi wa saruji, kwa muuzaji wa Kibirizi, leo tarehe fulani, namba 7391", utie saini kwa anwani hiyo. Yule mtu angefanya nini? Skrinishoti asingeweza kuitumia. Angetoa visingizio, simu haina chaji, mtandao unasumbua, programu imegoma, na mzigo ungebaki bandarini.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili, maana pasipokuwa na haki katika maelezo haya nitawafanya muwadhulumu watu wema.

Yupo mtu mwaminifu kabisa, pesa anazo, na bado hawezi kukutilia saini. Kwa nini? Kwa sababu sarafu zake ziko kwenye soko la sarafu, kampuni kubwa ya nje ambako amefungua akaunti kwa barua pepe na nywila. Hiyo mimi naiita pochi ya amana. Ufunguo hauko kwake. Uko kwa kampuni. Ile anwani anayoiona kwenye akaunti yake, "weka sarafu zako hapa", ni mlango wa kampuni aliokabidhiwa autumie kuingizia. Akiweka sarafu, kampuni inazikomba na kuzipeleka kwenye ghala kubwa, zikachanganywa na za wateja wengine maelfu kwa maelfu. Kilichobaki kwa jina lake ni mstari kwenye vitabu vya kampuni: tunadaiwa na fulani kiasi hiki. Kwa hiyo hatakuta kitufe cha kutia saini, hata atafute mpaka kesho. Na anwani ile ikitazamwa kwenye daftari la wazi unaweza kukuta ni tupu, ilhali mwenyewe ana salio.

Ile nyingine ni pochi ya kujitunzia. Ufunguo uko kwenye simu yako au kwenye kifaa chako, na nakala yake ni maneno 12 au 24 yanayotolewa kwenye orodha maalumu ya maneno 2048. Huyu anaweza kutia saini usiku au mchana bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mama zangu wa vikoba mtanielewa upesi. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sote tunakaa duara likifunguliwa. Sasa linganisha na kumpa mtu mmoja wa mbali hela zote, naye akakupa kitabu chenye maandishi kwamba anakutunzia. Inawezekana ni mwaminifu. Wengi ni waaminifu. Lakini swali "una nini mkononi?" lina jibu tofauti. (Na kwa faida ya vijana: hata kufuli tatu zipo kwenye Bitcoin. Kuna pochi inayodai saini mbili kati ya tatu ndipo pesa zitoke. Kikundi chenye mali ya pamoja kingefanya vema kuijifunza hiyo kabla ya nyingine zote.)

Mwenye pochi ya amana akitaka kujithibitisha afanyeje? Atoe taarifa ya akaunti kutoka kwa kampuni, na hiyo nayo inaghushiwa, basi aifungue mbele yako yeye mwenyewe. Au mpatane kiasi cha ajabu, tuseme dola 3.17, akitoe akutumie ndani ya dakika kumi. Zikiingia 3.17 kamili kwa saa mliyopatana, umejua kwamba kuna akaunti mahali fulani na yeye anaiamrisha. Hujajua salio lake lote. Zaidi ya hapo unategemea neno la kampuni.

Na neno la kampuni lina historia.

Soko la Mt. Gox la Tokyo lilikuwa kubwa kuliko yote. Juni 2011 lilivamiwa na wezi, wateja wakaingiwa na hofu. Mkuu wake, Mark Karpelès, alichukua njia inayofanana na hii yetu: alihamisha Bitcoin 424,242 hadharani, kiasi alichokuwa amekitaja, ili watu waone kwamba anao ufunguo na mali ipo. Watu wakatulia. Ulikuwa uthibitisho wa kweli. Lakini ulithibitisha siku ile tu. Februari 2014 Mt. Gox ilifilisika, na kiasi cha Bitcoin 850,000 kikatajwa kuwa kimepotea, ingawa baadaye 200,000 hivi zilipatikana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha saini ya mwaka jana, usiiite uthibitisho wa mwaka huu. Fungua daftari la wazi uone kama sarafu bado zipo, na umwombe saini mpya.

Novemba 2022 soko jingine la sarafu, FTX, likaanguka. Wateja waliamka wakitazama salio kwenye skrini, namba zote zipo, na kutoa hawawezi. Baada ya hapo masoko mengi yalianza kutangaza uthibitisho wa akiba, yakionyesha anwani zao. Ni hatua nzuri. Lakini anwani zinaonyesha kilichomo ghalani. Haziwezi kukuonyesha madeni ambayo kampuni inadaiwa na watu wengine.

Kuna kisa kimoja nakipenda mno, na nitakisimulia polepole kwa sababu kinafundisha kuliko mimi.

Aliyebuni Bitcoin alijiita Satoshi Nakamoto, na hakuna aliyemwona uso. Mei 2016 akajitokeza Mwaustralia, Craig Wright, akasema ni mimi. Vyombo vikubwa vya habari vikamwandika. Akaulizwa uthibitisho. Akaweka hadharani saini, kweli ni saini ya ufunguo wa Satoshi. Watu wa hesabu wakaikagua. Kumbe ilikuwa imenakiliwa kwenye muamala wa Satoshi wa mwaka 2009, uliokuwa kwenye daftari la wazi muda wote ule. Haikuwa saini ya maneno mapya. Ni kama mtu akate saini yako kwenye barua ya zamani, aibandike kwenye hati ya kiwanja.

Hayakuishia hapo. Katika kesi moja kule Florida ikatolewa orodha ya anwani ambazo Wright alidai ni zake. Mei 2020, watu au mtu asiyejulikana akatia saini ujumbe mmoja kwa funguo za anwani 145 zilizokuwa kwenye orodha hiyo. Ujumbe ulisema kwamba Wright ni mwongo na tapeli, na kwamba hana funguo zilizotumika kuutia saini. Anwani 145, kila moja na saini yake, na kila mtu duniani aliweza kukagua mwenyewe. Machi 2024, Jaji Mellor wa Mahakama Kuu jijini London alitamka kwamba Wright si Satoshi Nakamoto. Jaji alisikiliza ushahidi wa wiki nyingi, nyaraka na mashahidi. Mimi fikra zangu zinabaki kwenye zile saini. Mtu asiye na jina, bila wakili, bila kusimama kizimbani, alikanusha dai la umiliki kwa mistari michache, na hadi leo hakuna aliyeweza kuipinga.

Sasa tahadhari. Vijana, hapa msisinzie, maana matapeli nao wanajifunza.

Saini inathibitisha ufunguo, haithibitishi jina. Mwizi wa maneno 12 atatia saini vizuri kabisa. Ndugu wawili waliopeana maneno hayo watatia saini wote.

Pili, sentensi uichague wewe unayetaka uthibitisho. Usikubali mtu akuletee sentensi iliyokwisha kutiwa saini, ndiyo ile hila ya 2016. Na iwe na jina la anayepewa, sababu, tarehe na namba ya kubahatisha. Ukiacha jina lako, tapeli anaweza kukaa katikati: wewe unampa sentensi, yeye anaipeleka kwa tajiri fulani kwa kisingizio kingine, anatiliwa saini, anakurudishia. Sentensi ikisema wazi "kwa muuzaji wa saruji wa Kibirizi", yule tajiri atashtuka.

Tatu, na hii imefilisi watu wengi: kwenye Bitcoin, ujumbe unaotiwa saini hutanguliziwa maneno maalumu ili usiweze kugeuzwa kuwa muamala. Kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, na mitandao inayofanana nayo upo utaratibu kama huo kwa maneno ya kawaida, lakini kuna aina nyingine ya saini ambayo ni ruhusa. Inamruhusu mwingine achukue sarafu zako fulani baadaye, na wewe hulipi makato, huoni chochote kikisogea, unadhani umeingia tu kwenye tovuti. Kama unachotakiwa kutia saini huwezi kukisoma ukakielewa kama barua, acha. Usione aibu kumwambia mtu, "Sijaelewa, sitii saini." Mzee asiyejua kusoma zamani hakuweka dole gumba mpaka mjukuu asome barua yote kwa sauti. Tuwe hivyo.

Nne, maneno 12 hayatajwi. Hakuna uthibitisho wa umiliki unaohitaji maneno 12. Hakuna. Anayeyataka ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Tano ni faragha. Ukishamtilia mtu saini, amejua anwani ni yako, na daftari liko wazi: ataona ulichopokea na ulichotoa tangu mwanzo. Tenga anwani ya biashara, akiba weka kwingine. Na wenye USDT mjue kwamba hata kwenye pochi ya kujitunzia, kampuni ya Tether inaweza kuifungia anwani; saini utatia, dola hazitatoka.

Kuhusu sheria zetu nitapita haraka, kwa kuwa wanasheria wapo hapa na watanizidi. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu mtandao si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa na mabadiliko hayo. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Na tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua saini na ushahidi wa kielektroniki. Huko Ulaya, tangu mwisho wa Desemba 2024, soko la sarafu linapopokea au kutuma zaidi ya euro 1,000 kwa pochi ambayo mteja anasema ni yake ya kujitunzia, linatakiwa kuhakikisha ni yake kweli, na njia mojawapo ni hii hii ya kutia saini. Nawaambia ili mjue kwamba si mchezo wa vijana wa vijiweni.

Nina kisa kimoja bado, nacho ni cha nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa hisabati pale Ujiji. Yeye ndiye aliyenifundisha haya yote. Alikuwa mkali: hukuandika tarehe juu ya karatasi, hakusahihishi. Alinunua Bitcoin kidogo mwaka 2017 kwa akiba yake ya mwalimu, akaigawa sehemu mbili. Nusu aliiacha kwenye soko la nje, nusu akaiweka kwenye pochi ya kujitunzia. Alisema, "Sijui lipi litaniangusha, basi yaniangushe kwa zamu."

Alifariki ghafla. Hakuwa ameandika wosia.

Ile nusu ya sokoni tuliidai. Hati ya kifo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, tafsiri ya Kiingereza, muhuri wa wakili, barua pepe ambazo hazikujibiwa, nyingine zikajibiwa na mtu mpya asiyejua ya nyuma. Nilimchukia kila mtu kwenye ile kampuni. Ilichukua miezi 14. Lakini walilipa, mama mdogo akapata haki yake na watoto wakarudi shule. Pochi ya amana, ambayo nimewaeleza kasoro zake nusu saa nzima, ilikuwa na mtu wa kubishiwa hodi.

Ile nusu ya pili tulitafuta maneno 12 kila mahali. Tulifungua msahafu wake ukurasa kwa ukurasa, tukapekua maandalio ya masomo ya miaka mingi, tukapasua godoro. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri aliyokwenda nayo. Anwani tunaijua. Salio tunaliona. Hakuna hakimu wa kumwandikia barua, kwa sababu hakuna anayelishika.

Lakini nilipokuwa najifunza, aliwahi kunitumia zoezi kwa simu, nami sikulifuta. Ni ujumbe uliotiwa saini kwa anwani ile ile. Unasema: "12 Aprili 2018. Mwanangu, leo mvua imenyesha Ujiji tangu alfajiri. Kagua kama ni mimi."

Jana usiku, nikiandaa maneno haya, niliufungua tena. Nikaweka sentensi, nikaweka anwani, nikaweka zile herufi 88, nikabonyeza. Programu ikanijibu kwamba saini ni halali.